Mchele wa Bonde, Maharagwe ya Mlima

Mtu akisimama Baraka asubuhi ya siku ya soko, akaligeuzia ziwa mgongo na kutazama upande wa magharibi, aona milima imesimama kama ukuta. Huko juu ndiko Bibokoboko. Njia ya kwenda huko ni ya miguu, nayo yapanda bila huruma. Wanawake waliozaliwa pande hizo huitelemka na mizigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Ndani ya mizigo hiyo mna maharagwe, mahindi na viazi. Jioni wapandapo tena, mizigo imebadilika: chumvi, sabuni, chupa ya mawese, dagaa waliokaushwa mchangani, na kama soko lilikuwa jema, kilo mbili tatu za mchele.

Hiyo ndiyo habari ya chakula ninachotaka kuwaelezea, wasomaji wapenzi. Wali na maharagwe ni chakula ambacho wengi wetu tumekila mara nyingi hata hatukioni tena. Mwanafunzi wa bweni akisikia jina lake hucheka au huguna. Lakini katika nchi ya Fizi sahani moja ya wali na maharagwe haitoki shamba moja. Mpunga wapenda joto na maji, nao hulimwa chini, katika mabonde ya Mutambala na kando ya mito itelemkayo ziwani. Maharagwe yapenda ubaridi wa juu na udongo usiotuama maji. Kwa hiyo mtu wa mlima hawezi kula chakula hiki bila mtu wa bonde, wala mtu wa bonde bila mtu wa mlima. Sharti mmoja atelemke au mwingine apande.

Kwanza tutazame chungu chenyewe, kwa maana kina elimu zaidi kuliko tunavyodhani.

Mama wa Bibokoboko akipika maharagwe huanza mapema sana kuliko dada yake wa Baraka, ingawa kuni zake huenda ni nzuri zaidi. Kwa nini? Wanafunzi waliosoma habari za joto watajibu upesi. Maji ya pwani ya bahari huchemka kwenye digrii 100. Kila upandapo kama mita 300, kipimo hicho hupungua kama digrii moja. Ziwa Tanganika liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, basi maji ya Baraka huchemka penye digrii 97 na kidogo. Mahali palipo juu mita 2000 maji huchemka yakiwa digrii 93 tu. Na milima ya Itombwe iliyo nyuma zaidi yapita mita 3000! Waweza kuchochea moto hata sufuria ikatikisika, maji hayatapata joto zaidi, yatakauka tu. Maharagwe hayajui ukali wa moto ulio chini yake. Yajua joto la maji yaliyomo. Ndiyo sababu huko juu yatakiwa subira, kifuniko kizito, na kuloweka tangu jana yake.

Kuna jambo jingine lililo kinyume cha hilo, nalo huwashangaza wengi. Mama wa Baraka naye hulalamika kwamba maharagwe yake hayaivi, ingawa maji yake yana joto zaidi. Kosa si la maji, ni la ghala. Maharagwe yakikaa miezi mingi mahali penye joto na unyevu, ganda na kiini chake hugeuka kuwa kigumu, na baadaye hata ukiyachemsha mchana kutwa hubaki kama kokoto. Mlimani, penye ubaridi, hukaa laini muda mrefu zaidi. Basi akina mama wa ziwani, nunueni ya mavuno mapya, tena kidogo kidogo. Ukinunua gunia zima kwa sababu bei ni nafuu, ile nafuu utairudisha yote katika makaa.

Wengine huyashinda maharagwe magumu kwa magadi au kwa maji ya jivu. Ni kweli yalainika upesi. Lakini magadi hayo huharibu sehemu ya vitamini B iliyomo, na hiyo ni hasara kubwa katika chakula cha wali, kama tutakavyoona. Afadhali kuloweka usiku kucha, kumwaga maji yale ya kwanza, na kuanza na maji mapya. Ukifanya hivyo hata tumbo halitajaa hewa.

Na hapa niseme neno la hatari, kwa kuwa si wote walijuao. Maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu. Chembe chache tu zilizopikwa nusu zaweza kumtapisha mtu na kumwendesha vibaya. Sumu hiyo hufa kwa kuchemka, si kwa kupata vuguvugu. Yapasa maji yatokote kwa nguvu dakika 10 angaa, kisha ndipo upunguze moto na kuyaacha yaive polepole. Mlimani ongeza muda. Mtoto akionja chembe na kusema bado ina ngozi ngumu, msimcheke, amewapa habari njema.

Sasa, vitu hivi viwili vilitoka wapi? Watu wengi huvidhani kuwa ni vya mababu tangu mwanzo wa dunia. Sivyo.

Maharagwe haya tunayoyajua, mekundu, ya njano na yenye madoa, ni wageni kutoka Amerika. Wahindi wa Meksiko na wa milima ya Andes, katika nchi ya Peru na jirani zake, waliyapanda miaka elfu nyingi kabla merikebu ya Mzungu haijafika kwao. Wareno waliyachukua, na tangu karne ya 16 yakaingia pwani zetu. Kabla ya hapo Afrika ilikuwa na kunde zake yenyewe, na hizo ndizo za mababu kweli. Lakini mgeni alipofika milima ya Maziwa Makuu alijisikia nyumbani. Udongo, mvua na ubaridi vilikuwa kama vya Andes. Alizaa kwa wingi hata akawa mwenyeji kuliko wenyeji, na leo watu wa Rwanda, Burundi na Kivu wahesabiwa miongoni mwa walaji wakubwa wa maharagwe ulimwenguni.

Mkulima wa milima hiyo hapandi aina moja. Tazama ungo wake: nyeupe, nyeusi, nyekundu, za rangi ya kahawia, kubwa na ndogo, zimechanganyika kama shanga. Bwana shamba wa zamani, aliyefundishwa kupenda mistari iliyonyoka, aliona huo ni uvivu. Kumbe ni akili. Mvua ikizidi, aina hii itaoza lakini ile itasimama. Ugonjwa ukija, hautaziua zote. Mchanganyiko ule ni akiba ya familia. Wataalamu wenyewe baadaye walikiri hivyo, wakaanza kuzikusanya na kuzichunguza mbegu za wakulima. Kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu, kilichokuwa cha shirika la INEAC lililoundwa mwaka 1933 na baadaye kikawa cha INERA, kimefanya kazi nyingi ya mbegu za maharagwe, hasa yale ya kupanda juu ya miti. Maharagwe hayo yataka vijiti virefu na jasho, lakini katika shamba lile lile huweza kuzaa mara mbili au hata tatu ya yale mafupi. Tatizo ni vijiti: mlima usio na miti, maharagwe yatapanda juu ya nini?

Mpunga nao una safari yake. Afrika ya magharibi ilikuwa na mpunga wake, uliofugwa kando ya mto Niger. Ila huu wetu ni wa Asia, ulikuja na majahazi ya Bahari ya Hindi. Katika kisiwa cha Pemba wachimbuzi wa mambo ya kale wamepata punje za mchele zilizoungua, za zamani zaidi ya miaka 1000. Ibn Battuta, yule msafiri wa Moroko, alipopita Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa kwa wali uliopikwa kwa samli na kuwekwa katika chano kikubwa cha mti, pamoja na vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga. Utaona kwamba tangu zamani wali wa Waswahili haukaliwi peke yake; daima una mwenzake.

Kutoka pwani mpunga uliingia bara kwa miguu ya wapagazi. Misafara ya Bagamoyo ilikwenda Tabora, kisha Ujiji, na kila walipokaa Waarabu na Waungwana walilima mpunga, maana hawakuweza kuishi bila wali. Halafu ukavuka ziwa. Tippu Tip alipokaa Kasongo, tangu mwaka 1875, mashamba ya mpunga yalienea pande zile za Maniema. Historia hiyo ina doa kubwa, nasi tusilifiche: njia iliyoleta mchele ndiyo ile ile iliyopitisha pembe za ndovu na watumwa, na vijiji vingi vya pwani ya magharibi ya Tanganika viliteketea. Waliolima mashamba yale, wengi wao hawakulima kwa hiari. Hata hivyo, mabwana wamekwenda na mpunga umebaki. Na lugha hii ninayoandika, nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo.

Wanafunzi waone pia utajiri wa maneno yetu. Mataifa mengi yana neno moja tu. Sisi tuna mpunga ukiwa shambani, mchele ukiisha kutwangwa, na wali ukiisha kuiva. Kule kwetu Kongo watu huchanganya, husema wanakula mchele, na mtu wa Zanzibar akisikia hivyo huuliza kama meno yao ni mazima! Tena kuna ukoko, ile ganda ya chini iliyoshika sufuria, ambayo watoto huigombania kuliko wali wenyewe.

Namna ya kuviunganisha viwili hivi si moja. Pwani hupika maharagwe kwa tui la nazi, yakawa mazito na matamu, na kuyamwaga juu ya wali. Hupika pia mseto, yaani mchele na choroko katika chungu kimoja hadi vishikane. Fizi hakuna minazi ya kutosha, lakini michikichi imejaa tele kuanzia Uvira hata chini, basi mahali pa tui yakaa mawese. Maharagwe yaliyoungwa kwa mawese, kitunguu na nyanya huwa na rangi ya jua la magharibi, na wali mweupe ukiwa chini yake hauhitaji kupambwa. Mimi naona mawese yawe kidogo, kijiko kimoja cha chakula kwa kila mlaji, wala yasiunguzwe hadi yapoteze rangi. Wako wapishi wapendao moshi upande hata juu ya paa. Chakula chao ni kizito tumboni.

Tena, kwa Mkristu ni chakula chenye majira yake. Ijumaa ya Kwaresima, nyama ikiwekwa kando, maharagwe huitwa mezani wala hakuna anayeona kwamba ameadhibiwa. Na siku ya Pasaka au ya ubatizo, hapo ndipo mchele hupanda mlimani kwa wingi, kwa sababu juu huko wali bado una heshima ya sikukuu. Chakula cha kila siku ni bukari wa muhogo au wa mahindi.

Nimetaja bukari. Hapo lipo jambo zito.

Katika Kivu lipo neno ambalo kila mama alijua: bwaki. Mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mwingine amezaliwa huanza kununa. Miguu yavimba, nywele zageuka nyekundu na kuwa nyepesi, ngozi yabanduka. Wageni humwona ana mashavu wakadhani amenenepa. Daktari Cicely Williams aliyaandika maradhi hayo mwaka 1933 kutoka Gold Coast, nchi iitwayo leo Ghana, akayapa jina la watu wa huko: kwashiorkor. Katika Kivu wataalamu wa Lwiro, ambako taasisi ya uchunguzi ya IRSAC ilianzishwa mwaka 1947, waliwapokea watoto wengi wa namna hiyo. Na mwaka 1965 watu wa Bukavu waliunda chama wakakiita kwa jina la adui wao, Comité Anti-Bwaki.

Waganga wa siku hizi wasema chanzo cha bwaki si kimoja; magonjwa ya kuhara, surua, minyoo na uchafu wa maji vyote vyasaidiana. Lakini hakuna anayekanusha kwamba mtoto alishwaye muhogo asubuhi na muhogo jioni yu hatarini. Unga wa muhogo hujaza tumbo, ila gramu 100 zake zina kama gramu 2 tu za protini, yaani ile sehemu ya chakula inayojenga mwili. Mchele una kama 7. Maharagwe makavu yana zaidi ya 20.

Na si wingi tu. Protini ni kama ukuta uliojengwa kwa matofali ya namna nyingi, na tofali la namna moja likikosekana ujenzi husimama hata kama mengine yamerundikana. Mchele una upungufu wa tofali liitwalo lisini, na maharagwe yanalo tele. Maharagwe yana upungufu wa lile liitwalo methionini, na mchele unalo. Vikiliwa pamoja kila kimoja chaziba tundu la mwenzake. Hakuna mwanafunzi wa elimu ya kemia aliyewashauri mabibi zetu. Ulimi na nguvu za mwili viliwafundisha.

Kisa kingine kilitokea kisiwani Java. Mwishoni mwa karne ya 19, vinu vya mashine vilianza kuukoboa mchele hadi kuwa mweupe kabisa, na watu walioula huo peke yake wakapatwa na beriberi: miguu ikafa ganzi, moyo ukachoka, wakafa. Daktari Eijkman aliona kuku wake wakiugua vivyo hivyo kwa kula mchele mweupe, na wakipona kwa ule wenye kumvi zake za ndani. Msaidizi wake Grijns, mwaka 1901, akaonyesha kwamba choroko nazo huponya. Kilichokosekana ni vitamini B1, iliyotupwa pamoja na pumba. Eijkman alipata tuzo ya Nobel mwaka 1929. Nami nikisoma habari hiyo nilikumbuka mseto wa choroko wa akina bibi wa pwani, ambao hawakupewa tuzo yoyote! Sasa mwaelewa kwa nini nilisema magadi ni hasara: vitamini hiyo hiyo ndiyo ya kwanza kufa humo. Na mchele uliotwangwa kinuni, hata ukiwa na rangi ya udongo kidogo, msiuonee haya mbele ya wageni.

Kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, ondoa maganda ya maharagwe yaliyoiva sana, ponda, chuja, changanya na wali ulioiva hadi kulegea, tia tone la mawese. Mtoto atapata protini kutoka kwa viwili na vitamini A kutoka kwa mafuta yale mekundu. Maharagwe yana madini ya chuma pia, ambayo huongeza damu. Nyanya au ndimu husaidia mwili kuyapokea, bali chai iliyonywewa pamoja na chakula huyazuia. Tangu mwaka 2012 mbegu za maharagwe yenye chuma zaidi zimeenezwa kwa wakulima wa Rwanda, na Kongo nayo imezipokea.

Hata hapa nimeandika kama kwamba mwanamke wa Bibokoboko aweza kutelemka sokoni siku yoyote apendayo. Wenyeji wajua kwamba si hivyo.

Nchi ya Fizi imeonja vita vingi. Mwaka 1996 makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwa mitumbwi hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huo katika pande za Kasulu. Huko mgawo ulikuwa unga wa mahindi, kunde au maharagwe, mafuta na chumvi; mchele ilibidi utafutwe kwa kubadilishana. Tangu mwaka 2005 meli zilianza kuwarudisha wengi katika bandari ya Baraka. Walirudi, wakalima. Kisha mwezi wa Oktoba 2021 vijiji vya Bibokoboko vilishambuliwa, nyumba zikachomwa moto, watu wakauawa, na waliosalia wakakimbia, wengine wakatelemka hadi Baraka. Katika milima hii wakaa Wanyamulenge, Wabembe, Wafuliru na Wanyindu, na katika miaka hii ya uhasama hakuna kabila ambalo halikuzika watu wake. Sitaki kuhesabu hapa makosa ya nani ni mengi. Nasema juu ya chungu tu.

Njia ikifungwa, mlima wapata maharagwe bila chumvi na bila mchele, na bonde lapata mchele bila maharagwe. Bei ya maharagwe yapanda Baraka, wakati ambapo mazao ya yule aliye juu yaliwa na fukusi ghalani kwa kukosa mnunuzi. Muuza mchele na muuza maharagwe, ambao jana walikaa mkeka mmoja na kuombana chenji, leo kila mmoja asikia habari za mwenzake kwa uvumi. Ndipo uvumi nao unapopikwa, na hauna haja ya kulowekwa.

Lipo pia suala la mbegu. Mtu anayekimbia usiku huchukua mtoto, hachukui gunia. Na anayekaa kambini na njaa, mkononi ana kibaba cha maharagwe aliyoyaficha kwa kupanda. Je, atakipika au atakiweka? Ni swali gumu kuliko mitihani yote ya shuleni. Baada ya mauaji ya Rwanda ya mwaka 1994 wataalamu waliogopa kwamba zile aina nyingi za maharagwe zimepotea kabisa, wakaanzisha kazi iliyoitwa Seeds of Hope, yaani mbegu za matumaini. Walipotembelea mashamba wakaona ajabu: aina nyingi bado zilikuwapo. Jirani alikuwa amemwazima jirani, shangazi alikuwa ameficha kidogo katika chungu chenye jivu, na sokoni wanawake walijua ni chembe zipi za kuchagua. Kilichowapungukia wengi si mbegu, ni fedha za kuinunua. Habari hiyo yafaa ijulikane na kila anayegawa misaada katika Fizi: kabla ya kuleta mbegu ngeni kutoka mbali, waulizeni kwanza akina mama wa soko.

Wana wa Fizi waliotawanyika hadi Marekani wamekuta huko wali na maharagwe vimewatangulia. Watu wa Louisiana hupika maharagwe mekundu na wali siku ya Jumatatu; wa Carolina Kusini hula wali na kunde siku ya Mwaka Mpya, na mashamba ya mpunga ya huko yalilimwa na Waafrika walioletwa utumwani. Brazil ndicho chakula cha kila siku. Ghana huita waakye, nao hutia majani ya mtama yanayoupa wali rangi nyekundu. Lakini kisa kinachonichekesha zaidi ni cha Cuba. Mwaka 1965 Wacuba zaidi ya 100, wakiongozwa na Che Guevara, walivuka kutoka Kigoma wakapigana miezi saba katika milima hii hii ya Fizi na Baraka, hata wakaondoka mwezi wa Novemba bila kushinda. Kwao nyumbani hupika wali na maharagwe mekundu katika sufuria moja, na chakula hicho huitwa congrí. Mtaalamu wao Fernando Ortiz alieleza kwamba neno hilo lilitoka Haiti, ambako maharagwe mekundu huitwa kongo, na ri ni wali. Basi watu hao walikuwa wamekula jina la Kongo tangu utoto.

Tumalizie jikoni. Chambua vikombe 2 vya maharagwe, toa mawe, loweka usiku kucha, mwaga maji. Chemsha kwa maji mapya na kitunguu kizima, kwa nguvu kwanza kisha polepole, na chumvi itiwe yakiisha kulainika. Kaanga kitunguu na nyanya katika mawese, mimina maharagwe na supu yake, ponda chembe chache ili mchuzi ushikane. Mchele vikombe 3: osha, bandika kwa maji vikombe 6, tia chumvi, na maji yakikaribia kukauka punguza moto, funika, weka makaa juu ya kifuniko. Usikoroge. Watu wanane watakula.

Kiporo chake cha asubuhi ni kitamu, na watoto wengi wa vijijini hukila kabla ya kwenda shule. Ila wali uliolala katika sufuria yenye vuguvugu hufanya sumu ambayo hata ukiupasha moto haiondoki. Baraka, penye joto, ule jioni uishe, au utandazwe upoe upesi na kufunikwa mahali pa baridi. Bibokoboko ubaridi wa usiku hufanya kazi hiyo wenyewe, na mtoto wa mlimani hukuta kiporo chake kimekuwa kigumu kama jiwe. Mama hukivunja kwa mwiko, akakimwagia maharagwe ya moto.

Na ukoko? Huo haufiki asubuhi.